Furaha ya Ghafla ya Bi Kazija

Hapo zamani za juzi juzi palikuwa na nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tatu na robo.

Ilikuwa nchi njema. Watu wake walikuwa wapole na wakarimu, na chai yao waliitia sukari mpaka kijiko kisimame chenyewe. Mgeni asiyemaliza kikombe aliulizwa nani kamkasirisha. Basi kidogo kidogo kisukari kikaingia nyumba hadi nyumba, kikakaa humo kama shemeji asiye na kazi, ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza anaondoka lini. Watu wakapoteza vidole vya miguu, kisha miguu, kisha macho. Serikali ililitafakari jambo hilo kwa miaka kumi na mmoja. Huenda ingeendelea kulitafakari mpaka leo, ila siku moja mke wa balozi wa nchi ya kigeni aliuliza mbona kwaya ya taifa inaimba wimbo wa taifa imekaa. Hapo serikali ikaona aibu.

Kazi ya kuiondoa aibu hiyo alipewa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Daktari Selestini Mbogambi. Udaktari alitunukiwa na chuo kimoja cha mapishi cha ng'ambo, kwa kutambua mchango wake mezani.

"Adui huyu hatutampiga kwa dawa," aliwaambia waandishi wa habari. "Dawa zinaisha. Tutampiga kwa takwimu, kwa sababu takwimu tunazitengeneza wenyewe hapa hapa nchini."

Waandishi waliandika. Nyuma ya Mheshimiwa, ameshika chupa ya chai kwa mikono miwili, alisimama binti aitwaye Siwatu, mhudumu wa chai wa wizara. Alikuwa na haya kiasi kwamba akigongana na mlango aliuomba radhi mlango. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka ambao macho ya mama yake, Bi Kazija, yaliingia ukungu. Bi Kazija alikuwa mgonjwa wa kisukari na alijichoma sindano kila asubuhi, na alihitajika mtu wa kumsomea mistari ya bomba la sindano. Katika elimu yote ya dunia, hicho ndicho kipande alichokijua Siwatu kuliko mtu yeyote: mstari wa kumi na nne uko wapi, na mtu akipitiliza nini humpata.

* * *

Mheshimiwa alitangaza Siku ya Taifa ya Kupima. Waraka ulibandikwa kwenye kila nguzo. Ulisema kila mwananchi afike uwanjani alfajiri bila kula wala kunywa, kama kipimo kinavyotaka. Ulisema mtu yeyote asipimwe kabla ya mgeni rasmi, yaani Mheshimiwa mwenyewe, kukata utepe uliofungwa kwenye mashine. Ulisema pia hakuna atakayetia kitu kinywani uwanjani kabla ya mgeni rasmi kufungua shughuli, kwa sababu hiyo ndiyo itifaki, na itifaki ndiyo inayotutofautisha na kuku. Mwishoni kabisa ulisema mgeni rasmi atawasili saa mbili kamili asubuhi.

Watu wa nchi hiyo waliuamini waraka wote isipokuwa mstari huo wa mwisho. Walishawajua wageni rasmi. Saa mbili ya mgeni rasmi haina uhusiano wowote na saa mbili ya jua.

Ila Bi Kazija. Yeye alikuwa mtu wa zamani. Kwake saa mbili ilikuwa saa mbili.

"Mama, leo tusichome," Siwatu alimwambia alfajiri ile, bomba likiwa mkononi. "Ukichoma ukakaa bila kula, utaanguka."

"Nakaa bila kula mpaka lini? Saa mbili wanapima. Saa mbili na nusu niko kwa Mama Chausiku nakunywa uji."

"Na wakichelewa?"

"Waraka umesema, Siwatu. Tena umepigwa muhuri. Au wewe, kwa kupeleka chai wizarani, umekuwa mkubwa kuliko muhuri?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Basi soma mistari."

Siwatu akasoma. Kumi na nne. Bi Kazija akajichoma tumboni, akajifunga khanga zake mbili mpya, wakaondoka.

* * *

Saa mbili ilifika peke yake. Saa nne nayo ikafika. Mheshimiwa wakati huo alikuwa akipata kifungua kinywa na Kampuni ya Soda ya Fukutu, ambayo ndiyo iliyodhamini mapambano dhidi ya kisukari, na ambayo jina lake lilichapwa mgongoni mwa fulana za wananchi wote elfu tatu waliokuwa wakisubiri juani.

Siwatu alikuwa kazini, kwenye meza kuu. Meza ilifunikwa kitambaa cheupe, na juu yake kulikuwa na mabakuli sita ya sukari yenye vifuniko, yakilindwa na Afisa Itifaki, Bwana Fikirini Machano. Bwana Fikirini alikuwa mtu mwembamba mwenye suti nzito. Alitembea akizunguka meza kama jogoo aliyekabidhiwa mayai.

Kutoka pale Siwatu alimwona mama yake, mstari wa mbele, hatua kumi na tano. Saa sita aliona mkono wake wa kushoto unatetemeka. Saa saba aliona khanga imelowa jasho mgongoni. Akajikaza, akamwendea Bwana Fikirini.

"Samahani, Bwana Fikirini. Naomba kijiko kimoja cha sukari. Mama yangu anatetemeka."

"Hii ni sukari ya meza kuu."

"Kijiko kimoja tu. Alichoma sindano asubuhi. Sukari inamshuka."

"Inamshuka?" Bwana Fikirini aliinua nyusi. "Binti, tumekuja hapa ili ishuke. Unataka kuharibu takwimu?"

"Atakufa, Bwana Fikirini."

"Mgeni rasmi yuko njiani. Tumeambiwa tangu saa nne kwamba yuko njiani. Nikifunua bakuli moja sasa hivi, kesho kila mtu atafunua. Rudi pale ulipokuwa."

Siwatu akarudi pale alipokuwa. Saa nane akaenda tena, akaomba tena, kwa sauti ile ile ya mtu anayeomba radhi, akajibiwa vile vile. Hakwenda mara ya tatu. Bakuli la karibu lilikuwa umbali wa mkono. Angeweza kulinyakua na kukimbia nalo hatua kumi na tano, na jambo baya kuliko yote ambalo lingempata ni kufukuzwa kazi. Lakini hakuwa amefundishwa kunyakua. Alikuwa amefundishwa kusema samahani.

Mheshimiwa aliwasili saa tisa na dakika kumi kwa magari kumi na manane, akahutubia dakika arobaini kuhusu faida za kutembea kwa miguu, kisha akakata utepe. Mtu wa kwanza kupimwa aliteuliwa kutoka mstari wa mbele. Alikuwa Bi Kazija, ambaye kwa wakati huo alionekana mtulivu kuliko wote. Wakambeba mpaka kwenye mashine, muuguzi akamtoboa kidole.

"Moja nukta nane," muuguzi alisema, na uso ukambadilika, maana chini ya nne ni hatari. "Mheshimiwa, huyu mama..."

"Umesema ngapi?"

"Moja nukta nane, lakini Mheshimiwa, hii ni..."

"Tusikilizane, ndugu wananchi," Mheshimiwa alisema kwenye kipaza sauti, akauinua juu mkono wa Bi Kazija kama wa bondia. "Mama huyu, kadi yake ya kliniki inasema, amekuwa na kisukari miaka tisa. Leo ana moja nukta nane. Hata mimi sina moja nukta nane. Huyu amepona, na anayebisha aje abishane na mashine."

Uwanja ukapiga makofi. Akapewa cheti cha Mponywa wa Kwanza wa Taifa, kikabandikwa kifuani pake kwa pini. Wapiga picha walipiga picha. Siwatu alipofika, akiwa amekwisha kuvuka kamba ya itifaki bila kumwomba mtu radhi, mama yake alikuwa ameshakata roho mikononi mwa Mheshimiwa, na Mheshimiwa alikuwa bado anatabasamu kuelekea kwenye kamera.

* * *

Waliobaki walipimwa jioni ile. Kwa kuwa walishinda na njaa siku nzima, karibu wote walikutwa na sukari ya chini. Wizara ilipiga hesabu, ikagundua kwamba kisukari kimekwisha nchini. Waraka wa pili ukatoka. Kliniki za kisukari zilifungwa, na majokofu yake ya kuhifadhia dawa yakakabidhiwa Kampuni ya Soda ya Fukutu, ambayo ilisikitika kuyaona yakikaa bure. Mtu aliyeendelea kuugua aliitwa Mwananchi Mwenye Utamu wa Ziada, akashauriwa asijitangaze. Mtu aliyekatwa mguu aliitwa aliyepunguziwa mwendo. Kwaya ya taifa ilipewa amri isimame, na walioshindwa walistaafishwa kwa heshima.

Siwatu alikwenda ofisi ya vizazi na vifo kuchukua cheti cha kifo cha mama yake. Karani, Bi Mashavu, alikuwa mama mnene mwenye huruma nyingi na mamlaka kidogo. Siwatu alikisoma cheti polepole, kidole kikifuata maneno. Kwenye nafasi ya sababu ya kifo pameandikwa: furaha ya ghafla.

"Bibi, hapa mmekosea."

"Hatujakosea, mwanangu. Alikufa anapewa zawadi. Taifa zima lilimwona kwenye televisheni."

"Alikufa kwa sababu alichoma sindano akanyimwa sukari."

"Sindano ya nini?"

"Ya kisukari."

Bi Mashavu alichungulia kushoto na kulia, kisha akasogeza daftari lake kubwa. "Angalia mwenyewe. Sababu nilizobakiwa nazo ni ajali, uzee, malaria, radi, uvivu na furaha ya ghafla. Kisukari kimefutwa Jumatatu. Wewe nimekuchagulia hiyo ya mwisho kwa kuwa nilimjua mama yako. Juzi kuna mtu nimemwandikia uvivu."

"Mimi nataka iandikwe kweli, bibi."

"Kuna Fomu ya Kurekebisha Sababu ya Kifo. Unajaza mwenyewe, halafu anasaini Waziri. Lazima asaini yeye kwa mkono wake." Akashusha sauti. "Chukua, mwanangu. Lakini unajisumbua."

Siwatu akaichukua. Alikaa nayo siku tatu, akaijaza kwa mwandiko wa darasa la tano, herufi kubwa na ndogo zikiwa zimesimama vibaya, ila kila neno likiwa mahali pake. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Hakutaka fidia, wala kuombwa msamaha. Alikuwa ameshachoka kusikia neno samahani, hasa likitoka kinywani mwake mwenyewe. Alitaka kitu kimoja tu: yule aliyemuua mama yake aandike kwa mkono wake kwamba amemuua.

* * *

Alimpelekea Mheshimiwa fomu ile pamoja na chai ya saa nne. Mheshimiwa aliusoma mstari wa kwanza, akacheka mpaka kikombe kikalia kwenye kisosi.

"Binti, mama yako yuko kwenye kalenda ya wizara. Unajua watu wangapi wanaomba kuwa kwenye kalenda?"

Ilikuwa kweli. Kalenda ilitundikwa kila ofisi, na moja ilitundikwa kwenye chumba cha chai, juu ya jiko. Miezi yote kumi na miwili ilikuwa na picha ile ile: Bi Kazija, macho nusu, mdomo umefunguka, mkono umeinuliwa, na chini yake maneno ya kushukuru wadhamini. Siwatu alichemsha chai chini yake kila siku. Alimpelekea Mheshimiwa fomu mara saba. Mara ya pili alifukuzwa, ya nne alionywa, ya saba hakutazamwa.

Baada ya hapo hakuipeleka tena. Mheshimiwa aliona amekata tamaa, akafurahi, kwa sababu alimpenda mhudumu asiyesema. "Huyu binti ni kama kabati," aliwaambia wageni. "Unaweka kitu, unafunga, basi."

Kabati lilikuwa linatazama. Lilitazama Mheshimiwa akinywa majagi mawili ya maji kabla ya mchana. Liliona anavyokwenda chooni katikati ya vikao, na kidonda cha kisigino kisichopona, kilichofichwa ndani ya soksi mbili. Mbele ya watu alitaka chai yenye vijiko sita, ili taifa limwone jinsi alivyo mzima. Akibaki peke yake aliimwaga kwenye chungu cha ua, na ua lilikuwa limenenepa sana. Siku moja akamwita Siwatu, akafunga mlango.

"Macho yangu yana vumbi," alisema. Mezani paliwekwa bomba la sindano na chupa ndogo iliyoletwa kutoka ng'ambo kwenye mfuko wa barua za ubalozi. "Nasikia wewe unajua kusoma mistari."

"Najua, Mheshimiwa."

"Hii ni vitamini."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Vitamini mistari mingapi?"

"Kumi na sita."

Tangu siku hiyo Siwatu alimsomea mistari kila asubuhi. Kila asubuhi maisha ya Mheshimiwa yalikuwa kati ya kidole gumba cha Siwatu na cha shahada, na ukutani, kwenye kalenda, mama yake Siwatu alikuwa ameinua mkono. Alijua kwamba mkono ukiteleza kidogo tu jambo lingekwisha. Hakuteleza hata mara moja. Alimsomea kumi na sita, sahihi kabisa, kama mtu anavyomchunga ng'ombe ambaye siku ya kumchinja haijafika.

* * *

Siku hiyo ilifika yenyewe, kwa waraka. Ilikuwa kilele cha mwaka wa kwanza tangu kisukari kifutwe. Uwanja ulikuwa ule ule. Safari hii mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Nchi, na kwa kumheshimu, Mheshimiwa Mbogambi alitangaza kwamba yeye mwenyewe atafunga pamoja na wananchi tangu usiku, na kamera za televisheni zitamfuata tangu alfajiri zihakikishe. Mgeni rasmi angewasili saa mbili kamili.

Alfajiri, ofisini, kamera zikimsubiri mlangoni, Mheshimiwa alipandisha shati.

"Mkuu atachelewa?" aliuliza.

"Waraka unasema saa mbili, Mheshimiwa. Umepigwa muhuri."

"Mkuu si kama sisi. Yule ana saa ya dhahabu. Soma."

Siwatu akasoma. Kumi na sita. Hakuongeza hata nusu. Akamchoma, akaosha mikono, akavaa aproni safi, akaenda kupanga mabakuli kwenye meza kuu.

Mkuu wa Nchi aliondoka ikulu saa tatu. Njiani akaombwa kufungua ngazi ya jengo fulani, akaifungua, akaipanda, akahutubia akiwa juu yake, na alipotaka kushuka ikabidi afungue na ule upande wa kushukia. Ilipofika saa saba Mheshimiwa Mbogambi, ameketi katikati ya meza kuu, aliona uwanja umekuwa wa njano. Jasho lilimtoka kidevuni likadondoka kwenye tai. Alijaribu kufunga kifungo cha koti, kidole kikakosa tundu mara tatu. Akamwita Siwatu kwa jicho.

"Binti. Soda. Upesi."

"Mgeni rasmi hajafungua, Mheshimiwa."

"Nimesema soda."

"Bwana Fikirini amesema tusifunue kitu."

Bwana Fikirini alikuwa amesimama pale pale, suti ile ile, na hakujua kinachoendelea. "Kweli kabisa, Mheshimiwa," alisema kwa fahari. "Nimewakazia. Hata nzi hajaonja."

Mheshimiwa hakuweza kumwambia kitu. Kumwambia ni kumwambia na kamera. Aliuma meno, akasubiri Bwana Fikirini asogee, akamvuta Siwatu kwa ukingo wa aproni.

"Nakufa, mwanangu," alinong'ona, na ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito. "Kijiko kimoja. Kijiko kimoja tu."

Siwatu alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakushusha macho. Aliona mkono wa kushoto unatetemeka, midomo imepauka, macho yanamtafuta na kumpoteza. Alizijua dalili hizo moja moja na mpangilio wake, na alijua ana robo saa, huenda na kidogo juu yake.

Alikuwa ameifikiria robo saa hiyo mwaka mzima, juu ya jiko. Angeweza kusimama tu. Hakuna sheria ambayo angeivunja. Itifaki yote ilikuwa upande wake. Lakini alikuwa amekwisha kuona jinsi nchi ile inavyozika mawaziri. Akifa hapa wataandika furaha ya ghafla. Atapigiwa mizinga, barabara itapewa jina lake, na kalenda ya mwakani itakuwa na uso wake. Siwatu hakutaka afe. Kufa kungekuwa kumsamehe.

Akaitoa fomu kwenye mfuko wa aproni, akaikunjua, akaiweka juu ya sinia, na pembeni yake akaweka kalamu na glasi ya soda iliyotiwa vijiko viwili vya sukari ya ziada.

"Saini kwanza, Mheshimiwa."

"Nitasaini baadaye. Nakuapia."

"Mama yangu naye aliambiwa baadaye."

"Utanyongwa wewe."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ni hapa chini, palipo na nukta."

"Huna huruma? Mimi ni mtu mzima, sawa na baba yako."

"Baba yangu alifariki, Mheshimiwa. Kaandikiwa uzee. Alikuwa na miaka thelathini na nane. Dakika zinakwenda."

Mheshimiwa alishika kalamu kwa mikono miwili kama mtoto wa chekechea. Saini yake, iliyofunga kliniki mia mbili, ilitambaa juu ya karatasi kama mdudu aliyekanyagwa, lakini ilikuwa yake. Siwatu alihakikisha herufi zote zipo. Kisha akamshika kidevu na kumnywesha, funda kwa funda, taratibu, mgongo wake ukiwa umezikinga kamera, kama alivyomnywesha mama yake mara nyingi nyumbani. Alimnywesha mpaka macho yakarudi. Alitaka asikie.

Kwa sababu katika nchi ile palikuwa na desturi moja zaidi. Mshereheshaji wa shughuli za serikali alisoma kwenye kipaza sauti kila karatasi yenye saini ya waziri, bila kuipitia kwanza, maana kuipitia kungekuwa ni kumshuku waziri. Siwatu hakuweza kusema mbele ya watu elfu tatu. Hakuhitaji. Alivuka jukwaa akaiweka karatasi mbele ya mshereheshaji, naye, akiwa amefurahi kupata kitu cha kujaza ukimya, akakohoa na kusoma kwa sauti ya redio:

"Jina la marehemu, Kazija binti Shomari. Sababu ya kifo iliyoandikwa, furaha ya ghafla. Sababu ya kweli, alikuwa na kisukari, alichoma sindano alfajiri, akanyimwa kijiko cha sukari mpaka saa tisa kwa kumsubiri Waziri wa Afya, na Waziri akampa cheti wakati anakufa. Nakiri kwamba ni kweli. Imetiwa saini, Selestini Mbogambi, Waziri wa Afya. Tumpigie makofi Mheshimiwa."

Hakuna aliyepiga. Kisha mwanamke mmoja, kule nyuma kabisa, akasimama na fulana yake ya Fukutu.

"Na mume wangu?" alisema. "Mimi wa kwangu kaandikiwa radi. Ilikuwa kiangazi."

"Dada yangu kaandikiwa uvivu," alisema mwingine. "Alikuwa hana miguu, wangetaka akimbilie wapi?"

Wakaanza kusimama mmoja mmoja, kila mmoja na marehemu wake. Hawakupiga kelele. Walisogea tu kuelekea meza kuu, watu elfu tatu wenye njaa, na walipofika walifunua mabakuli yote sita. Bwana Fikirini aliwaambia mgeni rasmi yuko njiani. Walimkalisha kwenye kiti chake, wakamlisha sukari kwa mkono, kijiko baada ya kijiko, kwa upole, wakimhesabia kwa sauti, mpaka akalia. Mheshimiwa alijaribu kuondoka, kidonda cha kisigino kikamrudisha chini. Msafara wa Mkuu wa Nchi ulipoingia uwanjani, ndivyo ulivyowakuta.

* * *

Mkuu wa Nchi alishtuka sana kugundua kwamba nchini mwake kuna ugonjwa ambao haukutoa taarifa. Aliunda tume, na tume ikaunda kamati. Mheshimiwa Mbogambi alifukuzwa kazi kwa kosa la kukutwa na ugonjwa usiokuwepo, na siku mbili baadaye ugonjwa ukarudishwa, lakini yeye hakurudishwa. Barua za ubalozi hazikumletea tena kitu. Bi Mashavu alipewa daftari jipya, na foleni yake ilizunguka jengo mara mbili. Siwatu alipata cheti kilichorekebishwa, akakisoma mara moja, akakilaza sandukuni chini ya khanga za mama yake. Alidhani moyo utatulia. Haukutulia.

Kliniki moja ilifunguliwa, yenye dirisha moja, na kwa kumwadhibu Siwatu wizara ilimtoa kwenye chai ikampeleka kuandikisha wagonjwa. Waliofika walimkuta mpole. Aliwasomea mistari wasioona, na wazee aliwapa kiti.

Mwezi wa tatu, asubuhi ya Jumanne, mbele ya dirisha alisimama mzee mwenye kofia iliyoshushwa mpaka puani na mguu mmoja ndani ya kandambili, kisigino kimefungwa bandeji. Nyuma yake walikuwa watu wapatao themanini.

"Jina," alisema Siwatu, kalamu mkononi.

Mzee alilisema kwa kunong'ona.

"Ugonjwa?"

Mzee aliinama karibu na dirisha. "Unaujua, binti. Andika tu."

"Mimi siandiki nisichoambiwa, mzee. Ugonjwa gani?"

Akanong'ona tena. Siwatu aliweka kalamu chini. Alikuwa na siku nzima, na foleni nzima, na ile haya aliyokuwa nayo maisha yake yote ilikuwa imeisha.

"Sema kwa sauti, mzee," alimwambia. "Wale wa nyuma hawajakusikia."